Kadi ya mkono ikiharibika, uliza kwanza maji yako wapi

Kadi ya kwanza ya harusi niliyolipwa iliharibika saa nne usiku, ikiwa imebaki jina moja. Nilikuwa nimepaka mawaridi mepesi kwa rangi za maji, nikasubiri, kisha nikaanza kuandika majina ya maharusi kwa kalamu ya nibu, ile ncha ya chuma inayochovywa kwenye wino. Jina la bibi harusi lilikaa vizuri kwenye sehemu nyeupe. La bwana harusi lilipopanda juu ya petali, wino ukaota mizizi. Kila mstari ulitoa vinyweleo pembeni, kama wino uliodondokea tishu. Nilidhani mkono wangu umeshindwa kazi. Kumbe petali zilikauka juu tu, ndani ya karatasi bado kulikuwa na maji.

Tangu siku hiyo, kadi ikiharibika mezani kwangu hapa Tanga, kabla sijagusa kitu najiuliza: maji yako wapi? Huenda yamo ndani ya karatasi, kwenye brashi, kwenye nibu, au hewani, maana miezi ya masika hapa pwani hata chumvi ya mezani hulowa ndani ya kopo. Kasoro nyingi za kadi za rangi za maji na kaligrafia, yaani uandishi wa herufi za urembo, huanzia hapo. Wanaoanza huiacha kazi hii wakiamini hawana kipaji, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu mikono ya wengi wao ni mizuri. Walinunua karatasi isiyofaa, au waliharakisha kwa robo saa.

Wino unaota vinyweleo

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowatesa wengi, tena lina vyanzo kadhaa vinavyofanana usoni. Usikisie. Chukua kipande cha karatasi ileile ambacho hakijapakwa kitu, uandike mstari mmoja kwa wino uleule. Ukisambaa hapo pia, kosa ni la karatasi au la wino. Ukitulia hapo lakini ukasambaa juu ya rangi, basi rangi haijakauka, au uliisugua karatasi kupita kiasi wakati wa kupaka.

Ukavu haupimwi kwa macho. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa baridi kuliko karatasi kavu iliyo pembeni yake, maji bado yanatoka ndani, iache. Kaskazi inapovuma, mwezi wa Januari, nusu saa hunitosha. Mwezi wa Aprili naiacha kadi usiku kucha na sioni haya kumwambia mteja arudi kesho. Draya ya nywele inasaidia, ila iwe ya moto mdogo na ikae mbali kidogo, kisha uiache karatasi ipoe kabla ya kuipima tena, kwa sababu karatasi iliyotoka kwenye draya huwa ya moto hata ikiwa na maji ndani.

Kuhusu kusugua: karatasi ya rangi za maji hutiwa jelatini, wanga au dawa nyingine kiwandani ili maji yasizame ndani mara moja. Tabaka hilo ndilo linaloushikilia wino juu. Ukipitisha brashi mara nyingi mahali pamoja, ukifuta penseli kwa raba ngumu, au ukibandua utepe kwa nguvu, unaling'oa, na hapo pananyonya kama pamba. Karatasi iliyokaa muda mrefu kwenye chumba chenye unyevu nayo hupoteza tabaka hilo bila kuguswa na mtu. Utaijua ukipaka rangi moja nyepesi: vinatokea vidoa vyeusi vyeusi, mahali ambapo rangi imezama zaidi. Karatasi ya namna hiyo ibakie ya mazoezi.

Kadi ikiwa imeshafika hapo na huwezi kuanza upya, zimua gundi ya mgunga kwa maji mengi, ipake kwa brashi laini mara moja tu juu ya sehemu utakayoandika, iache ikauke kabisa, ndipo uandike. Gundi hiyohiyo ndiyo inayoshika chembe za rangi ndani ya vikopo vya rangi za maji. Hutoka kwenye magome ya aina ya mgunga. Sudan ndiyo inayozalisha nyingi zaidi duniani, na kaskazini mwa Kenya pia huvunwa. Wino mwembamba unaosambaa hata kwenye karatasi nzuri nao hutibiwa nayo: tone moja, koroga, jaribu, kisha tone jingine. Ukizidisha, wino utang'aa na kupasuka ukikauka.

Waandishi wa hati za Kiarabu walilijua tatizo hili karne nyingi zilizopita. Karatasi yao waliipaka wanga, kisha ute wa yai uliochanganywa na shabu, wakaiacha, halafu wakaisugua kwa jiwe laini mpaka iteleze. Wino ulikaa juu kabisa, hata aliyekosea aliweza kufuta herufi kwa unyevu kidogo tu. Ukiandika Idi Mubarak kwa kalamu ya tete kwenye karatasi yenye mikwaruzo halafu ukashangaa kingo zinachimbika, kumbuka kwamba kalamu hiyo ilizaliwa kwa ajili ya uso laini. Nunua karatasi laini, ile iliyobanwa kwa moto kiwandani, na upake rangi kidogo tu.

Kuna njia nyingine: andika kwanza, paka baadaye. Inafaa, lakini wino uwe wa kuzuia maji, kama wino mweusi wa masizi wenye lakiri, au wino wa akriliki. Wino wa kalamu za kujaza mara nyingi hukimbia maji yakiugusa. Upime: andika leo, kesho pitisha brashi yenye maji. Na wino wenye lakiri usiutie kamwe kwenye kalamu ya kujaza. Ukigandia ndani, kalamu imekufa.

Karatasi inajikunja au inapanda mawimbi

Nyuzi za karatasi huvimba zikilowa. Upande uliolowa unatanuka, mkavu haukutanuka, basi karatasi inapinda. Karatasi ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba, haiwezi kuvumilia hata kidogo. Manila, ambayo ndiyo inayopatikana kila duka la vifaa vya shule, hudanganya kwa sababu ni ngumu mkononi. Lakini haikutengenezwa kwa ajili ya maji, na ukipitisha brashi mara ya pili inaanza kutoa vinyuzi kama sweta kuukuu. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300. Ya pamba tupu ndiyo bora na ndiyo ghali. Ya massa ya mbao inatosha kwa kadi nyingi.

Bei ikikuumiza, fanya ninavyofanya mimi: paka kwenye kipande kidogo cha karatasi nzuri, kama sentimita 8 kwa 10, kisha ukibandike juu ya kadi ya manila iliyokunjwa. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande sita, manila inabaki na kazi inayoiweza, na ukikosea umepoteza kipande kimoja tu. Ubandike kwa utepe wenye gundi pande mbili. Gundi ya maji inailowesha karatasi upya kwa nyuma, na yale mawimbi uliyoyakimbia yanarudi.

Kabla ya kupaka, bana karatasi kwenye ubao pande zote nne kwa utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, na usiuondoe mpaka rangi ikauke kabisa. Utepe ukiwa unachuna karatasi, upashe moto kidogo kwa draya, kisha uvute taratibu kuelekea nje, mbali na picha.

Kadi iliyokwisha pinda inaokolewa. Ilaze kifudifudi juu ya karatasi safi, ipanguse mgongo kwa sponji iliyokamuliwa vizuri, weka karatasi nyingine safi juu, halafu vitabu vizito. Usiku mmoja, au miwili wakati wa masika. Kama maandishi ni ya wino usiozuia maji, unyevu uwe mdogo sana. Ukiona wino unatoka, acha mara moja.

Rangi imefanya ua la koliflawa

Ulipaka anga la samawati, likawa zuri, ukaona sehemu moja imepauka ukaongeza tone. Tone likasukuma rangi pembeni na kuacha mduara wenye pindo la mikunjo. Hiyo ni brashi yenye maji mengi kuliko karatasi. Chembe za rangi hupelekwa na maji, na maji hukimbilia pale palipokauka zaidi.

Ukiliona likiwa bado bichi, kausha brashi kwa tishu na uiguse ncha ya brashi pale tu penye tone, inyonye. Likishakauka, liache. Kulisugua kunaharibu karatasi na bado pindo linabaki. Mimi hugeuza mengi kuwa majani au mawingu, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Zima feni unapopaka eneo kubwa. Kingo hukauka kabla ya katikati na unatengenezewa pindo bila kukosea chochote.

Vinyota vyeupe na karatasi isiyokauka

Hili nililihangaikia muda mrefu. Rangi ilikuwa ikikauka inaacha vinyota vidogo vyeupe, na kadi zilibaki na ubaridi hata baada ya siku mbili. Chanzo kilikuwa maji ya kisima. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na chembe ya chumvi kwenye rangi mbichi huvuta maji kuizunguka na kuacha alama ya nyota. Wachoraji wengine hunyunyiza chumvi makusudi ili wapate theluji au mchanga wa ufukweni, lakini uwe umetaka mwenyewe. Isitoshe, chumvi huvuta unyevu wa hewani, basi karatasi haiishi kulowa, na nibu yako inashika kutu.

Pima maji yako: dondoshea matone mawili kwenye kioo au sahani nyeusi, yaache yakauke. Yakiacha utando mweupe, usiyatumie. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni mazuri sana, na maji ya chupa ya kunywa hayana shida. Kikombe kimoja kinatosha kwa kadi kadhaa.

Rangi zinakuwa tope

Maji machafu, au rangi tatu na zaidi zimechanganywa pamoja. Weka vikombe viwili, kimoja cha kusafishia brashi na kingine cha maji safi ya kuchanganyia. Changanya mbili tu kwa wakati mmoja. Rangi za bei rahisi za wanafunzi huwa na chaki nyingi ya kujazia, hivyo hupauka zikichanganywa hata ukiwa makini. Rangi sita nzuri zinafanya kazi kuliko boksi la ishirini na nne hafifu. Kumbuka pia kwamba rangi ya maji hupungua nguvu ikikauka, kwa hiyo ipake iliyokolea kidogo kuliko unavyoitaka.

Nibu inagoma

Nibu mpya ambayo wino unaikimbia na kujikusanya kama matone kwenye jani la mgomba haina ubovu. Kiwandani hupakwa mafuta ili isishike kutu. Isugue kwa dawa ya meno na kitambaa, ioshe, ikaushe. Au ichomeke kwenye kiazi mviringo kibichi kwa dakika kama kumi na tano, kisha uipanguse. Kuna wanaoipitisha kwenye moto wa kiberiti. Mimi sishauri, chuma kikipata moto mwingi hulegea na nibu hairudi tena ukiibonyeza.

Wino ukidondoka bonge, umechovya hadi juu mno au wino umekuwa maji. Chovya mpaka katikati ya kitundu, kisha gusa mdomo wa chupa. Mstari ukigawanyika kuwa reli mbili, umebonyeza sana au wino umeisha. Nibu ikikwama na kurusha matone, ama karatasi ina mikwaruzo, ama unaisukuma kwenda juu kwa nguvu. Mstari wa kupanda unatakiwa uguse tu, uzito uwekwe kwenye mstari wa kushuka.

Wino ukikataa kushika juu ya rangi iliyokauka, ukaruka kama juu ya sahani yenye mafuta, mara nyingi ni mafuta ya kiganja chako. Weka kipande cha karatasi chini ya mkono tangu unapoanza kupaka. Kwa kadi iliyokwisha pata mafuta, sugua polepole kwa raba laini, kisha andika kwa gwashi, yaani rangi ya maji nzito inayofunika kilicho chini yake, iliyozimuliwa mpaka iwe kama maziwa freshi. Gwashi nyeupe juu ya samawati iliyokolea ndiyo kadi ninayoipenda kuliko zote. Rangi ya dhahabu inatibiwa vivyo hivyo, ila ikoroge kila baada ya herufi mbili tatu, kwa maana chembe zake huzama chini ya kikombe. Ikifutika kwa kidole baada ya kukauka, imekosa gundi ya mgunga.

Nafasi inaisha kabla ya maneno

Hapa maji hayana kosa, ni hesabu. Na lugha yetu ina mahitaji yake. "Heri ya siku ya kuzaliwa" ni herufi 20 na nafasi nne, yaani hatua 24. Kadi ya A6 ina upana wa milimita 105. Ukiacha pambizo ya milimita 12 kila upande unabaki na 81. Kwa nibu ya milimita 2, herufi za mlalo (italiki) huandikwa kwa kimo cha upana wa nibu mara tano, yaani milimita 10, na kila hatua inakula milimita 6 au 7. Zidisha na utaona mstari mmoja unataka kama milimita 156. Hauingii. Lakini "Heri ya siku" ni hatua 12, na "ya kuzaliwa" ni 11. Mistari miwili, inakaa.

Vunja mstari pale pumzi inapovunjika. Usiache "ya" ikining'inia mwishoni, wala usitenge "Mwaka" na "Mpya". Kwenye kadi ya rambirambi, neno "Poleni" peke yake juu, na mengine madogo chini, linasema zaidi ya sentensi ndefu.

Kingine ni sura ya maneno. Andika "Mwaka mpya mwema" uone: m nne na w mbili, vijiti vitupu, kama uzio wa makuti. Ukiziachia herufi nafasi zisizolingana, neno halisomeki. Kipimo changu ni uwazi ulio ndani ya m. Uwazi kati ya herufi moja na nyingine ufanane nao kwa macho. Katika maneno hayo, ukiacha M kubwa ya mwanzo, k peke yake ndiyo inayochomoza juu ya msururu, basi ipe shingo ndefu, itapumzisha mstari mzima.

Kupima kwa upana wa kalamu si jambo geni kwetu. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, alipanga herufi za Kiarabu kwa kipimo cha nukta inayowekwa na kalamu ileile inayoandika. Ukiandika Idi Mubarak kwa hati hizo, hesabu nukta. Na kuna kosa nimeliona mara nyingi: kadi ya hati za Kiarabu imekunjwa kushoto kama ya Kiswahili. Mkunjo wake uwe kulia, ifunguke kama msahafu.

Mazoezi yaandike kwa ukubwa uleule kwenye karatasi ya kawaida, kata kila mstari kwa mkasi, upange vipande juu ya kadi mpaka vikae. Ndipo uchore mistari ya penseli hafifu.

Mkunjo unapasuka

Karatasi ina uelekeo wa nyuzi. Ipinde kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo upite huko. Kabla ya kukunja, pitisha bolipeni iliyokwisha wino kando ya rula ili kuweka njia. A5 iliyokunjwa inakuwa A6 na inaingia kwenye bahasha ya C6. Kunja kabla ya kupaka, au angalau weka njia mapema, maana rangi nene kwenye mkunjo humeguka.

Imerudi baada ya miezi: imefifia, au ina ukungu

Rangi nyingine hazistahimili jua, hasa waridi kali zinazong'aa na baadhi ya nyekundu za zambarau. Samawati ya ultramarini haina wasiwasi huo. Tengeneza jedwali lako: paka mkanda wa kila rangi uliyo nayo, funika nusu kwa kadibodi, ubandike kwenye dirisha linalopigwa na jua, ufunue baada ya miezi mitatu. Rangi iliyopauka itumie kwenye kadi zinazokaa ndani ya bahasha, usiitumie kwenye zile zinazotundikwa ukutani.

Ukungu ni maji tena. Kadi iliyotiwa kwenye mfuko wa nailoni ikiwa na ubaridi itaota madoa ya hudhurungi ndani ya wiki chache. Ninapofungasha kadi za Idi au za Krismasi naziacha siku nzima juu ya waya, nazigusa moja moja kwa mgongo wa mkono, kisha naziweka kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Karatasi mpya nazo zinalala humo humo.